Robine iko, maji hakuna



Nianze na kosa langu mwenyewe, ndipo nikosoe wengine. Muda kidogo baada ya kumaliza licence, nilipata kazi ya siku chache ya kuuliza watu maswali. Wengi wetu tunaijua hiyo kazi: jile mgongoni, tabuleti mkononi, nyumba kwa nyumba toka asubuhi paka jua linazama. Swali moja lilikuwa hivi: je, nyumba hii iko na robine? Mama mwenye nyumba akanipeleka nyuma ya jikoni, akanionyesha robine yake. Akaifungua. Haikutoa hata tone, ilitoa upepo tu. Akacheka, akaniambia: "Andika vile unaona, mutoto yangu." Nikaangalia tabuleti. Kulikuwa visanduku viwili tu: ndiyo na hapana. Nikagusa ndiyo.

Ile ndiyo yangu ilienda kwenye raporo. Mahali fulani kuna jedwali linalosema familia ile inapata maji. Na mama yule, nafikiri, bado anatuma batoto kushota maji ku lac na bido za litre 20.

Nimekumbuka siku hiyo ju ya utafiti mumoja niliosoma juzi. Si mpya, ulitoka Oktoba 2015 katika jarida la PLOS Medicine, lakini ndani ya chama chetu sijasikia mutu akiuzungumzia. Ulifanywa na Aurélie Jeandron na wenzake, yeye akiwa wa London School of Hygiene & Tropical Medicine, na mahali penyewe si London, ni kwetu: Uvira, pembeni ya lac Tanganyika, Kivu ya Kusini. Nataka niukosoe vile mwalimu wetu alikuwa anakosoa kazi zetu, yaani kusema kwanza kilicho kizuri, halafu kinachokosekana, na mwisho tunachoweza kufanya nacho hapa Goma.

Swali lao lilikuwa jepesi. Uvira iko na kiwanda kimoja cha Regideso cha kusafisha maji. Siku zingine kinapompa, siku zingine hakipompi, mara nyingi ju ya umeme. Upande mwingine, hospitali kuu ya Uvira iko na kituo cha kutibu kolera. Je, siku kiwanda kinasimama, kituo cha kolera kinajaa?

Kwa kujibu, hawakutuma vijana na tabuleti. Walichukua madaftari mawili yaliyokuwapo tayari. La kwanza ni la kiwanda, ambamo mfanyakazi anaandika kila siku maji mangapi yametoka. La pili ni la hospitali, ambamo muuguzi anaandika nani ameingia, siku gani, anatoka kartie gani. Wakayaweka pamoja, siku kwa siku, kwa miaka kama mitano, toka 2009 paka 2014.

Jibu ni zito. Baada ya siku isiyo na maji kabisa, katika siku 12 zinazofuata, wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kolera waliongezeka kwa 155% ukilinganisha na siku ambayo maji yanatoka vizuri. Kwa lugha ya nyumbani: kama kwa kawaida wangeingia wagonjwa 10, wanaingia 25 na zaidi. Na kwa jumla, karibu robo ya wagonjwa waliolazwa, yaani 23.2%, wanahesabiwa kwa maji yaliyotoka chini ya kiasi kinachofaa.

Sasa, sisi ba agronome tumefundishwa kutoamini hesabu mbele ya kuuliza swali moja. Wakati nilipeleka pendekezo la mémoire yangu juu ya maharagwe, mwalimu hakuuliza mbolea gani, aliuliza: "Na kipande chako cha kulinganisha kiko wapi?" Kile kipande ambacho hauwekee mbolea. Bila hicho, maharagwe yakikua vizuri hautajua ni mbolea, ni mvua, ao ni udongo wenyewe. Basi nikauliza hivyo hivyo: Uvira nzima inatumia kiwanda kimoja, kipande cha kulinganisha kiko wapi? Pengine maji yanakatika wakati wa mvua nyingi, na mvua yenyewe njo inaleta kolera.

Hao watafiti waliliona swali hilo. Waliingiza mvua na majira katika hesabu. Lakini kilichonishika zaidi ni kitu kingine: waliangalia kartie kwa kartie. Katika kartie ambazo watu wanatumia sana maji ya robine, siku bila maji ilileta ongezeko kubwa la wagonjwa. Katika kartie ambazo maji ya robine ni machache, ongezeko lilikuwa dogo. Na hiyo inaeleweka. Mutu mwenye kushota maji ya mto kila siku, ukizima kiwanda haujabadilisha kitu kwake. Ule mwenye kuzoea robine, ukizima, anakimbilia mtoni ao ziwani pamoja na wote. Kama ingekuwa ni mvua tu, mvua haichagui kartie kwa kuangalia bomba. Hicho njo kipande chao cha kulinganisha, na ni kizuri.

Njia hii si ya leo. Mwaka 1854 kolera iliua watu wengi London. Daktari John Snow alikuwa anasema ni maji, wakubwa wengi walikuwa wanasema ni hewa mbaya. Kusini ya mji kulikuwa kampuni mbili za maji, Southwark and Vauxhall yenye kuchota mto Thames mahali pachafu, na Lambeth iliyokuwa imehamisha mdomo wa bomba lake juu ya mto. Mabomba yao yalipita katika barabara zile zile. Snow akapata orodha ya waliokufa kutoka ofisi ya serikali yenye kuandika vifo, ambamo William Farr alikuwa anashughulika na takwimu, halafu akapita mlango kwa mlango kuuliza: maji yenu ni ya nani? Akakuta vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza, na 37 kwa zile za Lambeth. Hapo pia, daftari la vifo lilikutana na daftari la maji.

Bon. Nilimwelezea mama mumoja wa jirani, hapa Himbi, akiwa anangojea zamu ya kujaza bido. Alinisikiliza vizuri, akanijibu: "Na bazungu balilipwa ju ya kusema ivyo? Hata mutoto anajua, maji ikikosa, ugonjwa inakuya."

Hakukosea. Na jibu lake ni ukosoaji wa kweli kuliko wangu. Lakini kuna tofauti kati ya kujua na kuweza kuhesabu. Ukijua tu, unalia. Ukihesabu, unaweza kuweka vitu viwili kwenye mizani: upande huu bei ya mazutu ya kufanya jenereta ya pompi itembee siku moja, upande ule bei ya vitanda, sérum na wauguzi kwa siku 12. Mkubwa wa ofisi anaweza kukataa kilio. Mizani inamulazimisha angalau kusema kwa nini amechagua upande huu.

Sasa yale yanayokosekana.

La kwanza, utafiti unasema "wanaodhaniwa", na ni haki yao kusema hivyo, sababu si kila mgonjwa alipimwa katika laboratware. Mwenye kuharisha sana anaandikwa kolera. Anayetumia hesabu hii lazima abebe na neno hilo, asilitupe njiani. Kwenye semina zetu nimesikia "inadhaniwa" ikigeuka "imethibitishwa" katika karatasi mbili tu.

La pili, unahesabu ugonjwa peke yake. Hauhesabu saa za binti mwenye kuamuka saa tisa ya usiku kwenda kushika zamu. Hauhesabu feza anayolipwa kijana wa chukudu ya kupandisha bido. Hauhesabu masomo yaliyopotea. Kwa daktari, siku bila maji ni wagonjwa. Kwa familia, ni siku nzima imevunjika hata kama hakuna mutu amegonjwa. Kama tungehesabu na hayo, mizani ingelala zaidi.

La tatu, na hili linaniuma, mwenye kuandika daftari la kiwanda na mwenye kuandika daftari la hospitali walikuwa katika mji mumoja miaka yote ile. Ushahidi ulikuwa Uvira. Ulilala katika kabati mbili. Ilibidi mutu atoke mbali kuzifungua zote mbili siku moja. Silaumu watafiti kwa hilo, nawashukuru. Lakini utafiti wenyewe haujiulizi: kwa nini haya madaftari hayakukutana mbele? Na sisi tusipojiuliza, tutangojea mutu mwingine wa mbali aje kufungua kabati za Goma.

La ine, ulitoka katika Kiingereza. Muuguzi aliyeandika majina yale kwa mkono hawezi kuusoma kwa urahisi, na mwenye kuzungusha pompi pia. Tunasema "ushirikiano", lakini mwenzako ambaye hawezi kusoma jibu si mwenzako, ni mkulima uliyemukodishia shamba bila kumuonyesha mavuno.

Haki ni haki lakini: utafiti haukuishia kwenye karatasi. Shirika la maendeleo la Ufaransa, AFD, na Fondation Veolia walisaidia Regideso kupanga kazi ya kurekebisha na kupanua mtandao wa maji wa Uvira, na watafiti wale wale wakapanga kufuata ugonjwa mjini wakati kartie moja baada ya nyingine inapata maji, zamu ikipangwa kwa bahati. Agronome atatambua hapo ni jaribio kama la shamba. Kazi ilichelewa, na mafuriko ya Aprili 2020 yalipiga Uvira vibaya sana. Hata hivyo mpango ule unatufundisha kitu: fundi wa maji, mwenye pesa na mwenye kuhesabu walikubaliana mbele ya kuchimba, si nyuma.

Tuje kwetu sasa. Goma ni mji wa makoro. Hatuna mto hata mumoja wa kupita mjini, mvua inaingia katika mawe ya volkano na kupotea. Kuchimba ni shida, kwa bomba na kwa choo. Maji yetu karibu yote yanatoka ku lac Kivu, yanapandishwa na pompi, na pompi inakula umeme. Kwa hiyo swali la Uvira ni letu kabisa. Umeme ukianguka, robine inakauka, na mji wote unashuka ku lac.

Na hatuna haki ya kusahau bei yake. Julai 1994, wakimbizi walipojaa hapa, kolera na ugonjwa wa kuhara damu viliua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Nyiragongo ilipotapika tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu mabomba na tanki, Médecins Sans Frontières wakasema watu karibu nusu milioni wamebaki bila maji safi. Mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, umeme ulikatika, pompi zikasimama, tukaona tena watu wakishuka na bido kwenye maji yale yale. Wale vijana wa Croix-Rouge wenye kusimama pembeni ya lac na kutia dawa ya klori katika kila bido, wanafanya kazi ambayo robine ingefanya. Mungu awabariki, lakini wao ni bandeji.

Himbi inafundisha vizuri, sababu hapa vyote viko katika mita chache. Kuna nyumba za pembeni ya lac zenye pompi yao na tanki juu ya nyumba. Kuna maofisi ya ba ONG, na nembo kwenye mlango. Kuna mahoteli yenye vyumba vya semina. Na nyuma ya ukuta wa hizo hoteli kuna nyumba zenye robine kavu. Nilikaa katika semina moja, sitataja ya nani, juu ya ushirikiano katika huduma ya maji. Tulikuwa na chupa za maji ya plastiki mbele yetu, mbili kwa kila mutu. Tulionyeshwa picha za robine mpya, na hesabu ya robine zilizojengwa. Mutu mumoja kutoka kartie ya juu akauliza: hizo robine zinatoa maji siku ngapi kwa juma? Walimujibu kwamba hicho si kipimo cha proje.

Sikusimama kumusaidia. Nilikuwa nimegusa ile ndiyo, ningesema nini?

Lakini jibu lile njo kiini cha mambo. Tunahesabu robine, hatuhesabu masaa. Robine inapigwa picha siku ya kuifungua, mkubwa anakata utepe, mfadhili anapata kibao chake. Saa ya maji haina kibao. Hakuna mutu anakata utepe ju pompi imetembea Jumanne yote bila kusimama. Na utafiti wa Uvira unasema wazi kwamba kinacholinda watu si bomba lililo ukutani, ni maji kutoka kila siku. Ongezeko kubwa zaidi la wagonjwa baada ya siku ya kukatika lilikuwa katika kartie zenye kutegemea robine. Mwenye kuweka robine na kuacha pompi bila umeme wa hakika hajamaliza kazi. Pengine ameongeza hatari, sababu amefundisha watu kutegemea kitu chenye kuanguka.

Najua kuna wenye kusema: mbele ya yote tufanye tena etude moja. Hapana. Ushahidi unaweza pia kuwa fasi ya kujificha. Kuna familia katika mji huu zimeulizwa maswali yale yale na mashirika tofauti, na bado zinashota ku lac. Tunachokosa si maswali mapya, ni kukutanisha majibu yaliyopo.

Wengine watasema ni kazi ya serikali. Ni kweli. Katiba yetu, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya maji ya kunywa na ya umeme. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilifungua mlango kwa mikoa na wengine, si Regideso peke yake. Lakini sheria haiandiki daftari. Daftari linaandikwa na mutu aliye zamu usiku kiwandani, na muuguzi aliye zamu usiku kwenye kitanda. Wakati wote wawili hawalipwi vizuri, daftari linaanza kuwa na mashimo, na hapo hata mtafiti wa London hatapata kitu. Kwa hiyo nikisikia tena neno ushirikiano, kitu cha kwanza nitauliza: wale wawili wako kwenye meza? Kama wamekaa tu wenye nembo, huo ni mkutano wa nembo.

Tufanye nini sisi, watu wa chama bila pesa? Nina pendekezo dogo, na nalitoa kama agronome mwenye kujua kwamba jaribio dogo lenye kuandikwa vizuri linashinda kubwa lisiloandikwa.

Tuko na wanachama Himbi, Katindo, Keshero, Majengo, Ndosho, Mugunga. Kila mumoja wetu iko na robine nyumbani ao kwa jirani. Tuandike kila siku, kwa miezi sita: maji yametoka ao hapana, na kama yametoka, toka saa ngapi paka saa ngapi. Basi. Hatuandiki jina la mutu, hatuandiki siasa, hatuulizi kura ya nani. Halafu wenzetu wenye kufanya kazi katika zone za afya za Goma na Karisimbi watuambie kama hesabu za kuharisha za kila juma zinaweza kuwekwa pembeni ya daftari letu. Na mutu wa Regideso aalikwe toka siku ya kwanza, si kuja kusomewa mashitaka mwishoni. Yeye pia anangojea umeme kama sisi. Jibu liandikwe katika Kiswahili cha hapa, ukurasa mumoja, liwekwe penye watu wanashota maji.

Haitakuwa PLOS Medicine. Itakuwa na makosa, na wenye kupenda takwimu watatuchapa, na watakuwa na haki. Daftari letu halitaonyesha chanzo cha kila ugonjwa. Litaonyesha kitu kimoja tu ambacho raporo nyingi za mji huu hazionyeshi: robine hii, siku ngapi iliishi.

Na kwa wale wenzangu wenye kubeba tabuleti: siku ukifika kwenye nyumba, na mama akafungua robine ikatoa upepo, usifanye kama mimi. Mara nyingi chini kabisa ya fomu kunakuwa fasi ya kuandika maoni, hakuna anayeijaza kwa sababu jua limezama na bado nyumba kumi. Ijaze. Andika: robine iko, maji hakuna. Na jioni umuambie mkubwa wako kwamba kile kisanduku kinadanganya. Anaweza kukasirika. Mimi nimeanza: niliandikia wale walionipa kazi, nikawaambia nyumba ile ndiyo yangu ilikuwa hapana. Hawajajibu.

Daftari langu nimelifungua Jumatatu iliyopita. Siku ya kwanza: hapana. Ya pili: hapana. Ya tatu, saa nane ya usiku, nikasikia bomba linakohoa, nikaamuka, nikaweka bido chini yake, nikaandika saa.

Mwenzenu wa Himbi.